Filimbi Ishirini na Mbili za Bi Oleta

Nyumbani kwetu kuna friji mbili, na mimi nina amri juu ya moja tu. Ile ya jikoni naifungua nitakavyo, nakula kipande cha pai bila ruhusa, naacha mlango wazi na kugombezwa kama mume mwingine yeyote wa Alabama. Ile ya veranda ya nyuma ni ya mke wangu Oleta, na ndani yake hamna chakula. Mna filimbi.

Si filimbi za refa. Ni zile tunazozibana kwenye kaakaa kwa ulimi tukimwita bata mzinga dume msituni wakati miti inachipua. Ni kifremu cha alumini chenye umbo la kwato, kidogo kuliko biskuti, kimezungushiwa plasta, na katikati zimewambwa ndimi mbili au tatu za mpira mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukipuliza sawasawa, utasikia bata mzinga jike anaongea. Ukipuliza kama mimi, utasikia mlango wa ghala unaolilia grisi. Kila mwindaji hukata ndimi zake kwa namna yake, na mdomo ukishazoea filimbi yake hautaki nyingine.

Msimu wa kuwinda hufungwa siku ya mwisho ya Aprili. Mchana huo wanaume wa Kijito cha Tallow huja kwa Oleta na filimbi zao, maana mpira una maadui wengi na mwanamume ni mmoja wao. Jua huupasua. Joto huulegeza. Mate yakikaukia humo, ulimi hushikana na ulimi, na ukitaka kuzibandua zinachanika. Mwanamume akiachiwa mwenyewe ataitupa filimbi kwenye dashibodi ya pikapu mpaka Machi, kisha aipulize, imtie aibu, aanze kumlaumu ndege.

Oleta huziosha kwa maji yenye tone la dawa ya kusukutulia mdomo. Huzikung'uta, huzikausha kivulini juu ya kitambaa cha pamba, halafu hupitisha kijiti bapa cha kuchokonolea meno kati ya ulimi na ulimi ili zisigusane. Kila moja ina kikopo chake, vile vya filamu ya kamera, chenye jina la mwenyewe, na vikopo vyote hupangwa kwenye baridi na giza. Januari huzitoa kuzikagua. Machi wenyewe huja kuzichukua, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi, huja na soseji za moshi, asali ya miwa, au sukuma wiki iliyopigwa na baridi ikawa tamu. Filimbi ya mtu mwingine hudumu msimu mmoja. Iliyolala kwa Oleta hudumu minne, mitano. Katika miaka kumi na tisa hakuna hata moja iliyoharibikia mkononi mwake, na hilo alikuwa akilisema bila kuulizwa. Mke wangu ana maringo. Mimi nayapenda.

Aliyapata kwa jasho. Ni binti pekee wa marehemu Truett Hollis, mwindaji ambaye hakujaliwa mwana wa kiume, kwa hiyo alimfundisha huyo huyo aliyejaliwa. Mwaka wa arobaini na tano, akiwa na miaka kumi na minne, Oleta alimwita dume kutoka ng'ambo ya kijito, akamngoja, akampiga risasi moja. Baba yake akambeba ndege hadi dukani na kuwaambia watu kuwa amempiga yeye mwenyewe, kwa sababu hakutaka binti yake asemwe. Oleta alinisimulia habari hiyo mara moja tu, tukimenya kunde, na hakuirudia. Baadaye alishona kola za mashati kiwandani miaka ishirini na sita, na vidole vyake hujua kitambaa kilichovutwa uzi mmoja kupita kiasi. Kiwanda kilipofungwa, mikono ile ilikosa kazi mpaka Dewey Nix, mwenye duka, alipokuja na filimbi mbili kwenye bahasha. Mkewe alikuwa amezitupa nje ya friji yake akisema zinafanana na vitu vya hospitali. Mwaka uliofuata wakaja watu watano. Kufikia mwaka wa tisini na sita walikuwa ishirini na wawili.

Mwaka huo ndio nilioharibu mimi.

Julai dada yake, Mavis, alipasuliwa nyonga huko Mobile, na Oleta akaenda kumuuguza. Alifunga sanduku huku akinihutubia.

“Hershel, friji ya nyuma usiiguse.”

“Hata nikifa kiu?”

“Kufa. Nitakuzika nikirudi.”

Wiki ya tatu friji ile ikazima. Agosti ya kwetu haina huruma, kwa hiyo nikavitoa vikopo vyote nikaviweka kwenye ya jikoni, juu ya mayai, nikaenda kutafuta kipuri, nikaitengeneza kwa mikono yangu. Mpaka hapo nilikuwa mume mwema. Kama ningevirudisha vikopo nikalala, nisingekuwa na hadithi. Lakini nilifungua kimoja kutazama. Nikaona mpira umekauka, hauna hata unyevu, nami nikaingiwa na huruma.

Kwetu kila kitu kinachongoja msimu hupakwa mafuta. Bunduki, mitego, buti, tandiko la nyumbu. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusali. Mafuta ya bunduki hayaingii mdomoni, sikuwa mjinga kiasi hicho, basi nikachukua kopo la mafuta mgando, yale ya kupaka watoto, nikaketi na unyoya wa kuku nikisikiliza besiboli redioni. Nikazipaka zote ishirini na mbili, ulimi kwa ulimi, mbele na nyuma. Nikavirudisha vijiti mahali pake. Nilijiona fundi. Oleta alipopiga simu sikumwambia kitu. Nilitaka iwe zawadi.

Alirudi wiki ya kwanza ya Septemba. Hata kofia hakuvua, alikwenda moja kwa moja veranda ya nyuma, nami nikamfuata nikitabasamu, nikingoja kusifiwa. Akafungua kikopo cha Dewey. Akanusa. Akavuta kijiti, na mpira ukakifuata kama mlenda.

Alifungua kikopo cha pili. Akavifungua vyote mpaka cha mwisho, akavipanga mezani, kisha akaketi na kofia yake kichwani.

“Umezipaka nini?”

“Mafuta mgando. Kidogo tu, Oleta. Kwa unyoya.”

“Mafuta yanakula mpira, Hershel. Nani alikufundisha?”

“Baba.”

“Bahati yake amekufa.”

Nilingoja anifokee. Mke wangu akifoka, mbwa wa jirani huingia uvunguni, na mimi nilimwomba Mungu afoke. Hakufoka. Alizitazama zile filimbi, macho yakajaa maji, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Ili kujiokoa, nikasema neno la kijinga zaidi.

“Tununue mpya. Tuzikate vilevile, tuziweke kwenye vikopo. Nani atajua?”

“Midomo yao itajua.” Akavua kofia. “Na nikishawadanganya watu ishirini na wawili, jina langu nitalihifadhi kwenye friji gani?”

Usiku huo hakula, wala mimi sikula. Kabla ya kulala alisema jambo moja tu, akiutazama ukuta. “Aprili itafika, Hershel, nitaketi pale verandani na beseni la maji, na hatakuja mtu.”

Septemba kanisa letu huwa na Jumapili ya marejeo, siku ambayo hata waliohamia Birmingham hurudi, na baada ya ibada meza hupangwa uani, kuku wa kukaanga, bamia, mkate wa mahindi, pai za kila namna. Oleta alingoja watu wafike kwenye pai. Akasimama. Alikuwa amevaa gauni la buluu analovaa kwenye harusi.

“Filimbi zenu zote zimeharibika,” akasema. “Zilikuwa mkononi mwangu. Nitazitengeneza upya, kila mtu yake, na Machi mtazikuta. Nimemaliza.”

Hakunitaja. Alikuwa tayari kuubeba mzigo peke yake mbele ya watu wote wale. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Nikasimama na mfupa wa kuku mkononi.

“Ni mimi,” nikasema. “Nilizipaka mafuta mgando.”

Kisha Dewey Nix akaanza kucheka mpaka akashika meza.

“Hershel, ulitaka kuzioa?”

“Mwache,” mwingine akadakia, “alidhani zina upele!”

Ua zima likacheka, nami nikashukuru, maana kucheka ni nusu ya kusamehe. Lakini mtu mmoja hakucheka. Mzee Cleburn Faulk aliweka uma wake chini taratibu. Nyumbu alimpiga teke la taya akiwa na miaka kumi na tisa, kaakaa likapona likiwa limepinda, na ilimchukua miaka kupata filimbi inayokaa kwenye mdomo ule. Filimbi hiyo alikuwa nayo moja tu. Kwa mkunjo wake na mkato wake, alikuwa mwitaji hodari kuliko wote kijitoni.

“Binti Truett,” akasema, na sauti haikupanda. “Mimi nina miaka themanini na minne. Misimu niliyobakiwa nayo naihesabu kwa vidole. Wewe na mumeo mmenilia mmoja.”

“Nitakutengenezea, Mzee Cleburn.”

“Utatengenezaje? Hujawahi kuingia mdomoni mwangu.”

“Sihitaji kuingia. Nimekusikia miaka hamsini.”

Mzee akainuka akachukua fimbo yake. “Wengine na wachukue. Mimi sina haja. Na hao wanaocheka leo, Aprili tutaona kama watakupelekea tena.”

Watu wakainamia pai zao. Hakuna aliyesema, “Mimi nitampelekea.” Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna.

Basi majira yote ya baridi nyumba yetu ikawa karakana. Oleta aliagiza kwa posta karatasi za mpira mwembamba, zile wanazouziwa madaktari wa meno. Fremu za zamani alizichemsha na sabuni mara tatu mpaka mafuta yangu yakaisha, kwa sababu kila fremu ilikuwa na mkunjo wa kaakaa la mwenyewe na hakutaka kuupoteza. Aliwamba mpira upya kwenye kila moja, akaubana, akaukata kwa mkasi mdogo wa kiwandani. Mmoja anataka kipande kitoke kulia, mwingine kushoto, mwingine ndimi tatu zenye mpasuko mmoja katikati. Alipuliza, akasikiliza, akatikisa kichwa, akabandua, akaanza upya. Kazi yangu ilikuwa kukata plasta na kunyamaza, na sijui ipi ilikuwa ngumu zaidi.

Alipodhani ziko tayari hakujiamini peke yake. Alimwalika Dewey kunywa kahawa, akamsimamisha nami kwenye uzio wa chini, hatua mia mbili kutoka ghalani, kisha akaingia ndani na vikopo vyake.

Filimbi ya kwanza ikalia.

“Nani huyo?” nikauliza.

“Swali gani hilo? Royce, shemeji yako. Anaharakisha kama anadaiwa.”

Ikalia nyingine.

“Huyo ni pacha wa kina Dunn. Yule mnene.”

Ya tatu ikalia, fupi, na kijikohozi mwishoni. Dewey akakunja uso.

“Huyo simjui. Hapigi vibaya, ila ana mbwembwe. Nani?”

“Wewe.”

“Mimi? Mimi sipigi hivyo!”

“Dewey, kila mtu anajua ni wewe isipokuwa wewe.”

Akasikiliza tena, akavua kofia yake, akaishika kifuani. “Mungu wangu,” akasema. “Ina maana miaka yote hii, mkeo amekuwa akitusikiliza?”

Ndivyo. Kila Machi na Aprili, tangu utotoni, alfajiri alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe chake, akisikia vilima vikiongea, na hakuna aliyewahi kumwuliza anasikia nini. Hata mimi. Siku hiyo pale uzioni nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi.

Lakini filimbi ya Cleburn ilimshinda. Sauti ya mzee yule ina ufa kwenye noti ya tatu, kama jike mwenye mafua, na ufa huo ndio uliowachanganya madume wakaja mbio. Oleta alijaribu mara tisa, mara kumi, mara kumi na tatu. Alilegeza mpira wa kushoto, akaukaza wa kulia. Ikatoka safi mno. Februari ilipoanza nilimkuta usiku wa manane bado ameinamia mkasi.

“Yatosha,” nikamwambia. “Amesema hataki.”

“Amesema hataki yeye. Mimi sijasema.”

Kesho yake nilimkuta mbele ya kioo cha bafuni, mdomo wazi, anabandika kipande cha nta kwenye kaakaa lake mwenyewe, upande wa kulia.

“Unafanya nini sasa?”

Akaniangalia kwenye kioo, meno nje. “Nyumbu hakunipiga teke mimi,” akasema kwa shida, maana nta ilimjaa mdomoni. “Mdomo wangu umenyooka mno. Lazima upinde kama wake.”

Akaweka filimbi chini ya ile nta, akapuliza. Noti ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikapasuka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo begani, na niligeuka nimtafute Mzee Cleburn. Oleta hakutabasamu. Aliitoa filimbi, akaikata unywele mmoja zaidi, akapuliza tena. Hapo ndipo alipotabasamu, na ile nta ikadondoka kwenye sinki.

Machi wakaja kuzichukua, mmoja mmoja, wakijaribu uani, wakitikisa vichwa kwa mshangao. Soseji zilikuja, sukuma wiki zilikuja. Shukrani zilikuja. Ahadi ya Aprili hakuitoa mtu, na Oleta hakumwuliza mtu. Kikabaki kikopo kimoja.

Siku mbili kabla msimu haujafunguliwa tulikipeleka wenyewe. Mzee Cleburn alikuwa verandani kwake, blanketi magotini. Mkewe, Bi Inez, ambaye miguu yake haimtii siku hizi, alikuwa jikoni, tulisikia sufuria.

“Nilishasema,” mzee akaanza, kabla hatujapanda ngazi. “Sitaki.”

“Nimesikia,” Oleta akasema. “Sikuja kukupa. Nimekuja uisikie, kisha niende.”

Akatugeuzia kisogo, akabandika nta yake, akaweka filimbi. Akasimama katikati ya ua na gauni lake la kazini na kuita. Miito mitano, polepole. Noti ya tatu ikapasuka kila mara, mahali palepale. Cleburn alikuwa ameketi mbele yangu, mdomo umefungwa, mikono juu ya blanketi.

Kutoka jikoni Bi Inez akapaza sauti.

“Cleburn! Waache hao ndege, msimu bado! Njoo ule, uji wa mahindi unapoa!”

Mzee akamtazama Oleta. Bi Inez ameolewa naye miaka sitini na mmoja, na kama yupo duniani mtu asiyeweza kudanganywa kuhusu sauti ya mdomo ule, ni yeye. Cleburn akatoa mkono nje ya blanketi, kiganja juu. Oleta akaiosha filimbi bombani, akaiweka kiganjani, na tukaondoka bila kuaga. Ndani ya pikapu alilia mpaka darajani, na aliponiona nataka kusema kitu akanikataza kwa kidole.

Alfajiri ya kufungua msimu nilikaa naye kwenye ngazi. Vilima vikaanza kuongea. “Royce,” akasema. “Pacha mnene. Pacha mwembamba. Dewey, mwongo yule, alisema ataamka mapema.” Kisha mbali, ng'ambo ya kijito, tukasikia ufa. Dume akajibu kwa ngurumo. Oleta hakulitaja jina la mwenye sauti ile. Alikunywa kahawa yake.

Wiki ya tatu tulisikia dukani kwamba Cleburn amepata dume wa ratili ishirini. Hakutuma salamu wala paja.

Siku ya mwisho ya Aprili ikafika. Oleta aliamka akafuta rafu za friji ya nyuma, akapanga vikopo vitupu, akakunjua kitambaa cha pamba, akaweka beseni mezani na kiboksi cha vijiti. Akaketi. Miaka mingine watu huanza kuja saa nane mchana. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Nilijifanya natengeneza kiti ambacho hakikuharibika. Saa kumi akamwaga maji ya beseni yaliyokuwa yamepata vumbi, akaweka mengine, na mimi moyo ukaniuma kiasi kwamba nilikwenda nyuma ya ghala nikaupiga ukuta teke kama yule nyumbu. Kosa ni langu, aibu ni yake. Hakuna haki katika ndoa.

Niliporudi, pikapu ya Mzee Cleburn ilikuwa inapanda njia yetu kwa mwendo wa ng'ombe. Akashuka, fimbo kwanza, mguu kisha mwingine. Akampita Oleta akigusa kofia tu, akaja hadi kwangu, akatoa filimbi mfukoni.

“Osha,” akasema.

Nikamtazama Oleta. Yeye akaketi kwenye kiti chake, akakunja mikono.

“Umeambiwa uoshe.”

Nikaosha. Sijawahi kushika kitu kwa woga vile, hata watoto wangu siku walipozaliwa. Nikadondosha dawa ya kusukutulia, tone moja, nikaipitisha filimbi majini mara tatu bila kuisugua. Nikaikung'uta. Nikailaza kivulini juu ya pamba, na tukangoja ikauke sisi watatu, mzee akiinamia beseni mpaka pua yake inakaribia maji. Kisha nikachukua kijiti bapa. Nikakipitisha kati ya ulimi wa juu na wa kati, kingine kati ya wa kati na wa chini, bila kuvuta, bila kukunja. Oleta alikuwa ananitazama na hakunisahihisha.

“Mafuta?” Cleburn akauliza.

“Hapana, mzee. Kamwe.”

“Sema tena.”

“Kamwe.”

Akaichukua mwenyewe, akaiweka kwenye kikopo chenye jina lake, akafungua friji, akakiweka rafu ya katikati, akaubana mlango kwa kiganja chake. Kisha akamgeukia mke wangu na kuvua kofia yote, kichwa wazi, kama afanyavyo kanisani.

“Truett alisema dukani kwamba yule dume wa mwaka arobaini na tano alimwita yeye,” akasema. “Sote tulijua anadanganya. Truett hakuwahi kuita vizuri namna ile. Tulipaswa kusema siku ileile.”

Oleta akaikunja na kuikunjua aproni yake.

Mzee akarudi polepole kwenye pikapu yake, akaingiza mkono dirishani, akapiga honi mara tatu.

“Wako darajani tangu saa nane,” akaniambia. “Niliwaambia asije mtu mpaka nione kama umefundishika.”

Na kutoka chini, kwenye kona ya daraja, injini zikawaka moja baada ya nyingine, vumbi likainuka, pikapu ya Dewey mbele, na nyuma yake foleni ambayo mwisho wake sikuuona.

Oleta alisimama, akafuta macho kwa kiganja, akanyoosha kitambaa cha pamba mezani.

“Hershel,” akasema, “badilisha maji. Watu wanakuja.”